Makro ikianza tu, skrini inachezacheza: tafuta chanzo hivi

Msimu wa zabibu uliopita niliitwa kwenye ofisi ya chama kimoja cha wakulima, upande wa Hombolo, niangalie makro (maagizo yaliyoandikwa ambayo Excel huyatekeleza yenyewe) ya kujumlisha mizani. Hesabu zake zilikuwa sawa. Tatizo lilikuwa machoni: ikianza, Excel inaruka shiti ya Mizani, inakwenda ya Bei, inakwenda ya Makato, inarudi Mizani, hivyo hivyo kwa dakika karibu nne. Mama mhasibu akaniambia, "Mwanangu, kikianza hicho mimi nageuza kiti naangalia mizabibu hadi kinyamaze." Na kwa kuwa alikuwa anageuza kiti, hakuwahi kuona maneno "namba haipo" yaliyokuwa yanapita kwenye mstari wa chini wa Excel. Wakulima kumi na mmoja walikuwa wamerukwa.

Tangu siku hiyo kuchezacheza kwa skrini sikuiti tena suala la urembo. Mtu akishindwa kutazama kazi, hawezi kuona inapoharibika. Na mara nyingi skrini inachezacheza kwa sababu skripti inafanya kazi kupitia dirishani, kwa kubonyeza na kurukaruka, wakati kazi hiyo ingeweza kufanyika nyuma bila dirisha kuguswa. Ukizima picha tu na kuiacha kazi vilevile, umefunika chungu kinachoungua.

Yafuatayo ni malalamiko ninayoletewa mara kwa mara hapa Dodoma, kutoka ofisini, stationery na kwa wanafunzi. Kila lalamiko nimeanza na chanzo kinachotokea sana, halafu vile adimu.

"Skrini yote inawakawaka, hata makro ikiwa imezimwa"

Usiguse msimbo bado. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ili Task Manager ifunguke, kisha tazama. Kama Task Manager nayo inawakawaka pamoja na kila kitu kingine, shuku draiva ya kadi ya picha. Kama Task Manager imetulia na vingine ndivyo vinavyocheza, kuna programu inayofanya hivyo. Kipimo hiki ndicho Microsoft wenyewe wanachokielekeza, na kinachukua nusu dakika.

Ikiwa ni kila kitu, anza na waya. Waya wa VGA usiokazwa skrubu zake ndio mkosaji ninayemkuta mara nyingi, hasa kwenye meza zinazosogezwa kila wakati wa usafi. Jaribu waya mwingine, kisha soketi nyingine ya umeme. Halafu bonyeza kitufe cha Windows, Ctrl, Shift na B kwa pamoja: skrini itakuwa nyeusi kwa muda mfupi, draiva itaanza upya, na mafaili uliyofungua yatabaki wazi. Ikitulia kisha ikarudia baada ya siku mbili, sasisha draiva, au irudishe ile ya zamani kama tatizo lilianza baada ya Windows kujisasisha.

Angalia pia taa ya ofisi. Kama inafifia sekunde ileile skrini inapocheza, labda kila printa ya leza inapoanza kupasha, tatizo ni umeme wa jengo na hakuna msimbo utakaoliponya. Na kiangazi cha huku, upepo unapoingiza vumbi hadi kwenye feni za kompyuta, mashine hupata joto na kadi ya picha ikaanza kuyumba. Puliza vumbi mashine ikiwa imezimwa na waya umechomolewa.

Acha na uite fundi ukisikia harufu ya kuungua, ukiona cheche, au ikiwa kava la kompyuta linakupiga shoti. Usifungue pawasaplai wala monita ya zamani ya tyubu, hata kama imechomolewa: kapasita za ndani hubaki na chaji inayoweza kumdhuru mtu vibaya.

"Excel inarukaruka kati ya shiti"

Hapa ndipo malalamiko mengi yalipo, na hapa nitakaa.

Chanzo cha kwanza ni makro iliyorekodiwa. Kinasa cha Excel hunakili kila ulichofanya kwa mkono, pamoja na kila shiti uliyoibofya njiani. Kwa hiyo unapata kitu kama hiki:

```
Sheets("Mizani").Select
Range("F2").Select
Selection.Copy
Sheets("Bei").Select
Range("C2").Select
ActiveSheet.Paste
```

Mistari sita, na shiti imebadilika mbele ya macho mara mbili. Irudie kwa wakulima 400 na utaelewa kwa nini mama aligeuza kiti. Excel haihitaji kuiona shiti ili kuisoma. Mstari mmoja unatosha:

```
Sheets("Bei").Range("C2").Value = Sheets("Mizani").Range("F2").Value
```

Ukaguzi wake ni rahisi. Fungua msimbo kwa Alt na F11, tafuta neno Select, kisha Activate, na uhesabu. Kila unapolikuta, jiulize kama mtumiaji anahitaji kweli kupelekwa pale. Kwa kawaida anahitaji mara moja tu, mwishoni, apelekwe kwenye jumla.

Faida ya pili ya kuziondoa ni kubwa kuliko utulivu wa skrini. Makro inayotegemea Select inategemea pia mtu asiguse kitu. Akibofya shiti nyingine katikati, namba zinaweza kuandikwa mahali pasipo pake.

Chanzo cha pili ni kuandika seli moja moja. Hata bila Select, kuandika seli 9,000 kwa zamu ni kuiomba Excel ichore mara 9,000. Soma eneo lote kwa mkupuo kwenye safu ya kumbukumbu, fanya hesabu huko, kisha rudisha lote kwa mkupuo:

```
Dim d As Variant, i As Long
d = Sheets("Mizani").Range("A2:F1501").Value
For i = 1 To UBound(d, 1)
    d(i, 6) = d(i, 4) * d(i, 5)
Next i
Sheets("Mizani").Range("A2:F1501").Value = d
```

Lakini tahadhari: ukirudisha eneo lote hivi, kila fomula iliyokuwemo inageuka namba tupu. Kama kuna safu wima yenye fomula, rudisha zile safu ulizozibadilisha peke yake. Nakili faili kwanza, kila mara.

Chanzo cha tatu ni matukio na hesabu. Shiti ikiwa na msimbo wa Worksheet_Change, kila seli unayoiandika inauamsha, nao unaandika kwingine, na shiti inatetemeka. Fomula nzito nazo hukokotolewa upya kila unapogusa kitu. Ikiwa umeshatumia mkupuo na bado shiti inatetemeka, tazama hapa.

Cha nne ni uchoraji wa skrini kuachwa ukiwa umewashwa, na kuuzima ndiko wengi hukimbilia kwanza. Uuzime mwisho, baada ya kurekebisha vingine, na uuzime hivi:

```
Sub JumlishaMizani()
    Dim hesabuAwali As XlCalculation
    Dim kosa As String
    hesabuAwali = Application.Calculation
    On Error GoTo Safisha
    Application.ScreenUpdating = False
    Application.EnableEvents = False
    Application.Calculation = xlCalculationManual

    ' kazi yenyewe iko hapa

Safisha:
    If Err.Number <> 0 Then kosa = Err.Description
    Application.Calculation = hesabuAwali
    Application.EnableEvents = True
    Application.ScreenUpdating = True
    If kosa <> "" Then MsgBox "Kazi haikukamilika: " & kosa
End Sub
```

Sehemu ya Safisha ndiyo roho ya msimbo huu. Makro ikikwama mstari wowote, inaangukia pale, inawasha kila kilichozimwa na kumwambia mtu ukweli. ScreenUpdating kwa kawaida hurudi yenyewe makro inapokwisha, na hilo huwadanganya watu wakadhani vingine navyo hurudi. Havirudi. Calculation hubaki ya mkono hadi mtu airudishe, na hapo mhasibu anabadilisha kilo, jumla haisogei, naye anachapisha jumla ya jana. EnableEvents nayo hubaki imezimwa, na shiti zinazojikagua zinaacha kujikagua kimyakimya. Ukiambiwa "Excel imeacha kujumlisha tangu juzi", fungua menyu ya Formulas na uangalie Calculation Options kabla ya jambo lingine.

Sasa, kama umezima uchoraji na bado shiti zinacheza, tazama makro ndogo zinazoitwa ndani. Mara nyingi moja yao ina mstari wake wa kuwasha mwishoni, hivyo inamwashia mkubwa wake katikati ya kazi. Weka Debug.Print Application.ScreenUpdating baada ya kila makro ndogo, utamwona anayewasha. Dawa ni kumwachia makro mkubwa peke yake kazi ya kuzima na kuwasha.

Kishale cha kipanya kinachobadilika umbo harakaharaka kina dawa yake: Application.Cursor = xlWait mwanzoni, na xlDefault ndani ya Safisha. Nacho hakirudi chenyewe. Na ukionyesha maendeleo kwenye mstari wa chini, andika kila baada ya mistari 100. Kuandika kila mstari kunachelewesha kazi, na macho hayawezi kusoma.

"Makro ikifungua faili jingine, dirisha linatokea na kupotea"

Tangu Excel 2013 kila faili lina dirisha lake kamili. Kabla ya hapo mafaili yote yalikaa ndani ya dirisha moja, na kuzima uchoraji kulitosha. Kwa hiyo makro ya mwaka 2009 iliyokuwa tulivu inaweza kuanza kumulika baada ya ofisi kununua kompyuta mpya, na hakuna aliyeiharibu.

Swali la kwanza: je, lazima faili lifunguliwe ndani ya Excel? Kama unasoma namba tu kutoka mafaili 30 ya vijiji, Power Query, zana ya kuvuta data iliyo ndani ya Excel, itayasoma bila dirisha hata moja. Ukitumia Python, maktaba yake ya openpyxl husoma faili la xlsx bila Excel kuwapo kabisa kwenye mashine. Jua mpaka wake: openpyxl haikokotoi fomula. Ukiifungua kwa data_only=True inakupa matokeo ya mwisho yaliyohifadhiwa na Excel, na ukihifadhi faili katika hali hiyo fomula zote zimepotea. Tumia hali hiyo kwa kusoma tu.

Kama lazima Excel ifungue, anzisha Excel ya pili iliyofichwa kwa CreateObject("Excel.Application"), fungua mafaili humo, kisha uifunge kwa Quit. Quit hiyo iwe ndani ya Safisha. Ukiisahau, kila siku inaacha Excel moja isiyoonekana ndani ya mashine. Dalili yake ni faili linalokuambia linasomwa tu wakati hakuna aliyelifungua. Nenda Task Manager uhesabu EXCEL.EXE. Kabla ya kuua mojawapo, hakikisha kazi zote za mtu zimehifadhiwa, maana kwa jina tu huwezi kutofautisha iliyofichwa na ile anayoitumia.

Kwa programu nyingine kwa ufupi. Word inapokea Visible:=False kwenye Documents.Open. PowerPoint haina ScreenUpdating kabisa, kwa hiyo fungua wasilisho kwa WithWindow:=msoFalse. LibreOffice, ambayo naipendekeza kwa ofisi zisizo na leseni, inafungua faili kwa sifa ya Hidden, na ina lockControllers na unlockControllers za kusimamisha uchoraji. Kila lock inahitaji unlock yake. Ukifunga mara mbili na kufungua mara moja, hati inabaki imeganda.

"Dirisha jeusi linamulika kila baada ya dakika kadhaa"

Kwanza jiridhishe kwamba ni lako. Fungua Task Scheduler, tazama kazi zilizopangwa na muda wake, ulinganishe na muda wa kumulika. Dirisha jeusi usilolijua, linaloendesha faili kutoka kwenye folda ya Temp au lenye jina la herufi zisizo na maana, linaweza kuwa programu hasidi iliyoingia kwa flashi. Hapo acha. Chomoa mtandao, usiingize flashi nyingine, mwite mtu wa TEHAMA wa ofisi yako. Usilifiche dirisha hilo; sasa hivi ndilo shahidi pekee ulilonalo.

Likiwa lako, chanzo cha kawaida ni skripti ya Python inayoendeshwa kwa python.exe. Tumia pythonw.exe, ambayo haifungui dirisha. Ukifanya hivyo, maneno yote ya print na makosa yote hayaonekani popote, kwa hiyo yaandike kwenye faili la kumbukumbu lenye tarehe. Kama skripti yako inaita programu nyingine kwa subprocess, mpe creationflags=subprocess.CREATE_NO_WINDOW.

PowerShell inawasumbua watu kwa njia yake. Wanaandika -WindowStyle Hidden na bado wanaona mmweko. Sababu ni kwamba dirisha linaundwa kwanza, kisha PowerShell inasoma agizo la kulificha. Njia safi ni kwenye Task Scheduler: chagua kazi iendeshwe mtu awe ameingia au hajaingia, nayo itaendeshwa mahali pasipo na skrini ya mtu. Lakini hapo hakuna dirisha la kubofya, kwa hiyo skripti inayobonyeza vitufe itashindwa. Na Microsoft hawaungi mkono kuendesha Word au Excel bila mtu aliyeingia; ikitokea kisanduku cha swali, hakuna wa kukijibu na kazi inalala pale milele.

Zamani tulikuwa tunatumia faili dogo la VBScript kuanzisha vitu kimya. Microsoft walitangaza mwaka 2023 kwamba VBScript inaondolewa hatua kwa hatua kwenye Windows. Kwa kazi mpya, usijenge juu yake.

"Fomu niliyoitengeneza mwenyewe inapepesa kila ikisasishwa"

Windows ikichora dirisha kwa mtindo wa zamani, kwanza inafuta eneo kwa rangi ya nyuma, kisha programu inachora maandishi juu yake. Jicho linaona ule mweupe wa katikati. Kupepesa ni mapengo hayo kati ya kufuta na kuchora, mara nyingi kwa sekunde.

Anza na swali la kitoto: je, kuna kilichobadilika? Nimekuta fomu ya mizani inayoandika upya "Kilo 0" mara kumi kwa sekunde wakati hakuna kreti juu ya mzani. Linganisha thamani mpya na ya zamani. Kama ni ileile, usiandike. Jambo hili moja linaponya zaidi ya nusu ya fomu ninazoletewa. Vivyo hivyo kwa ToolTip (kibandiko kidogo cha maneno) ya AutoHotkey, lugha ya skripti ya Windows, iliyowekwa kwenye SetTimer ili irudiwe kila baada ya muda: ionyeshe tu maneno yanapobadilika.

Chanzo kinachofuata ni kujaza orodha ndefu mstari kwa mstari. Simamisha uchoraji wa orodha hiyo peke yake, jaza, kisha ruhusu. Kwenye AutoHotkey toleo la 2:

```
orodha.Opt("-Redraw")
for mkulima in wakulima
    orodha.Add(, mkulima.jina, mkulima.kilo)
orodha.Opt("+Redraw")
```

Kwenye Windows Forms (zana ya Microsoft ya kutengeneza fomu) ni BeginUpdate na EndUpdate kwa ListView, TreeView na ComboBox. Kwa paneli unazochora mwenyewe, washa DoubleBuffered: picha inachorwa kwanza pembeni kwenye kumbukumbu, kisha inaletwa ikiwa imekamilika. Kwenye Tkinter, zana ya madirisha ya Python, ficha dirisha kwa withdraw wakati unalijenga, litoe kwa deiconify likiwa tayari, na badilisha maandishi ya lebo iliyopo kwa config. Wanafunzi wengi wanaharibu lebo na kuunda mpya kila sekunde, ndiyo maana saa yao inaruka.

Kama kupepesa kunatokea ukivuta pembe ya dirisha, tazama mitindo ya dirisha. CS_HREDRAW na CS_VREDRAW huamuru dirisha zima lichorwe upya kila ukubwa unapobadilika. WS_CLIPCHILDREN humzuia mzazi kuchora juu ya watoto wake; kwenye AutoHotkey unaiongeza kwa +0x02000000. Anayeandika kwa C anaweza kujibu ujumbe wa WM_ERASEBKGND kwa thamani isiyo sifuri ili kufuta kusifanyike, mradi awe na uhakika anachora kila pikseli mwenyewe.

Dawa mbili kali nazionya. LockWindowUpdate inaonekana tamu kwa jina, lakini dirisha moja tu kwenye mashine nzima linaweza kufungwa kwa wakati mmoja, nayo ilikusudiwa kwa kazi za kuburuta vitu, si kutuliza fomu. Iache. WM_SETREDRAW ni nzuri kwa orodha iliyo ndani ya fomu, mbaya kwa dirisha kuu: ukiizima pale, Windows inalichukulia dirisha kama lisiloonekana, na mbofyo wa mtu unapita hadi programu iliyo nyuma yake. Fikiria nyuma kuna kitufe cha kufuta.

"Kitufe cha chini kinawaka rangi ya chungwa, na maandishi yanaangukia kwenye programu nyingine"

Skripti inajaribu kulileta dirisha mbele, Windows inakataa kwa sababu mtu anatumia dirisha jingine, basi inawasha kitufe kumwita. Mara nyingi kuna WinActivate, agizo la AutoHotkey la kulileta dirisha mbele, ndani ya mzunguko. Itoe nje ya mzunguko, au iondoe kabisa: tuma kwa ControlSend na ControlClick, ambazo hulenga kidude chenyewe bila kulileta dirisha mbele. Kwa Excel na Word usitume vitufe hata kidogo, ongea nazo kwa msimbo. Kupanga madirisha mengi kwa wakati mmoja, DeferWindowPos huyasogeza kwa pamoja badala ya moja moja. Na kama kinachokukera ni madirisha kukua na kusinyaa, zima uhuishaji wa kushusha na kupandisha madirisha kwenye mipangilio ya Windows.

Kama programu unayoituma vitufe ni ya malipo, mishahara au ya benki, simama. Vitufe vilivyokosea dirisha vinaweza kuidhinisha kitu. Hapo mwombe mwenye mfumo njia rasmi ya kuingiza data, kwa maandishi.

"Sasa haichezi, lakini skrini imeganda kabisa"

Hili ni tunda la kuzima bila kuwasha. Subiri kwanza dakika mbili au tatu, huenda kazi inaendelea. Kisha bonyeza Esc au Ctrl na Break. Ikisimama, fungua msimbo kwa Alt na F11, bonyeza Ctrl na G, andika Application.ScreenUpdating = True na ubonyeze Enter. Kwenye Access, programu ya hifadhidata ya Microsoft, andika Application.Echo True. Access haisamehi kama Excel, ukizima Echo kwa msimbo na kazi ikakwama, skrini itabaki hivyo hadi uiwashe.

Usikimbilie kitufe cha umeme, hasa kama ni faili la Access lililo kwenye mtandao wa ofisi na wengine wamo ndani. Kukatwa katikati ya kuandika ni njia ya haraka ya kuliharibu faili zima. Waombe wenzako watoke, nakili faili, ndipo uue programu. Likigoma kufunguka baadaye, usirudierudie kulitengeneza juu ya faili hilohilo. Mpelekee mtaalamu nakala ambayo haijaguswa.

Kwa ajili ya macho ya mtu

Mwongozo wa W3C, shirika linaloweka viwango vya wavuti, wa kurasa za wavuti unataka kitu chochote kisimulike zaidi ya mara 3 katika sekunde moja, kwa sababu miale ya kasi inaweza kumwamshia kifafa mtu aliye na hali hiyo. Nauchukua kama sheria hata kwa madirisha ya mezani. Kama ofisini kuna mwenye kifafa, au mtu analalamika kichwa kinamzunguka kila makro inapoanza, usiendeshe tena mbele yake hata kwa majaribio. Mwondoe kwenye skrini, rekebisha kwenye mashine yako. Akipoteza fahamu au akipata mtetemeko, ondoa vitu vigumu karibu naye, mlaze ubavu, usimtie kitu mdomoni, na mpate mhudumu wa afya.

Unapompelekea fundi tatizo hili, mpelekee nakala ya faili, toleo la Windows na la programu, na video ya simu ya sekunde 20 ikionyesha skrini pamoja na saa ya kompyuta. Mwambie pia kama Task Manager ilicheza au ilitulia. Mistari ya kiza inayopanda na kushuka kwenye video, ambayo kwa macho huioni, isikutishe: ni kamera na skrini visivyokwenda mwendo mmoja, wala haihesabiki kama dalili.